Stoyanov: namna ya kulifumbua jina la ukoo la Kibulgaria, hatua kwa hatua

Tarehe 10 Julai 1994 Bulgaria iliitoa Ujerumani kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia kwa mabao 2 kwa 1. Waliotazama wanalikumbuka shuti la adhabu la Hristo Stoichkov, kisha kichwa cha Yordan Letchkov. Aliyekuwa akisikiliza majina ya wachezaji alisikia jambo jingine pia: Mihaylov, Ivanov, Kostadinov, Balakov, Yankov, Tsvetanov. Karibu kikosi kizima kiliishia na -ov. Wengi wetu tulidhani ni mlio tu wa lugha ya huko. Kumbe -ov ile ina kazi maalumu, na kazi hiyo Mswahili anaifanya kila siku kwa silabi moja: "wa".

Mwongozo huu unachukua jina moja la kawaida sana Bulgaria, Stoyanov, na kulifungua hadi ndani. Ukiliweza hili, Ivanov, Petrov, Georgiev na Dimitrov hayatakusumbua, maana yanafunguka kwa ufunguo uleule. Nimewaandikia hasa watu wenye sababu ya kulijua: aliyeolewa au kuoa huko, mtoto au mjukuu wa mtu aliyekwenda kusoma Sofia au Varna miaka ya ujamaa akarudi na familia, mfasiri wa vyeti, karani anayejaza fomu. Mpenzi wa mpira naye anakaribishwa.

Jibu fupi kwa mwenye haraka: Stoyanov maana yake ni "wa Stoyan". Stoyan linatokana na kitenzi *stoya*, yaani kusimama, kukaa mahali. Mzazi aliyempa mwanawe jina hilo alikuwa akiomba mtoto huyu akae, asiondoke kama wale waliomtangulia. Njia ya kufikia jibu hilo, na namna ya kulitumia, ndiyo inayofuata.

Hatua ya 1: Liandike kwa herufi zake

Usianze kutafuta chochote kabla hujaliona jina kwa Kikirili, herufi zinazotumiwa kuandika Kibulgaria, kwa sababu tahajia ya Kilatini hubadilika kila nchi lakini ya Kikirili imetulia. Kwa herufi kubwa ni СТОЯНОВ. Jicho lililozoea herufi zetu litadanganyika hapo: С ni S, Н ni N, В ni V. Ile Я, inayofanana na R iliyogeuzwa, ni "ya". Basi ni S-t-o-ya-n-o-v.

Matamshi: mkazo uko katikati, sto-YA-nov, na v ya mwisho hufifia mpaka ikasikika kama f. Ndiyo maana Wabulgaria waliohamia Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 utawakuta wameandikwa Stoyanoff. Karani aliandika alichosikia.

Ukipata karatasi iliyoandikwa kabla ya 1945 utaona alama ya ziada mwishoni: Стояновъ. Ile ъ haikutamkwa, na marekebisho ya tahajia ya mwaka huo yakaiondoa. Jina ni lilelile. Na kama karatasi imeandikwa kwa mkono, jihadhari zaidi, kwa sababu т ya mwandiko wa kuunganisha hufanana na m yetu, д hufanana na g, и hufanana na u, na п hufanana na n. Nimeona watu wakitumia siku nzima kutafuta "Cmoyan" ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Hatua ya 2: Ondoa alama ya jinsia

Mwanamume ni Stoyanov, mwanamke ni Stoyanova. Familia nzima ikitajwa kwa pamoja ni Stoyanovi. Kijiji kikiitwa kwa jina la mtu huyo kinakuwa Stoyanovo.

Mwenye Kiswahili ana bahati hapa kuliko Mwingereza. Kwetu tunasema mtoto *wa* Stoyan, nyumba *ya* Stoyan, kijiji *cha* Stoyan: kiunganishi kinafuata ngeli ya kinachomilikiwa. Kibulgaria kinafanya hivyohivyo, ila chenyewe kinaweka alama mwishoni mwa neno, na ngeli zake ni za kiume, kike na isiyo ya kike wala kiume. Kwa hiyo Stoyanov na Stoyanova si majina mawili. Ni jina moja lililopatanishwa na mtu anayelibeba, kama vile "wa" na "ya" zisivyokuwa maneno mawili yenye maana mbili.

Hatua ya 3: Ondoa -ov, rudisha jina la mtu

Ukiondoa -ov kwenye Stoyanov unabaki na Stoyan, jina kamili la mtu. Si majina yote yatakayokubali kirahisi hivyo, kwa hiyo zijue njia kuu.

Jina la baba likiishia konsonanti, -ov hupachikwa moja kwa moja: Ivan, Ivanov. Wakati mwingine irabu ya ndani hudondoka, na hapo ndipo Petar anapozaa Petrov na Dimitar anazaa Dimitrov. Likiishia -o, ile o humezwa: Petko, Petkov, Marko, Markov. Likiishia -a, nayo humezwa: Nikola, Nikolov; Toma, Tomov. Na likiishia kwa sauti laini au za ch, i na y, kiishio huwa -ev badala ya -ov: Georgi, Georgiev, Nikolay, Nikolaev, Iliya, Iliev, Stoycho, Stoychev. Tofauti ya -ov na -ev haina maana yoyote ya ukoo au cheo. Ni ulimi tu unatafuta njia rahisi.

Yapo majina ya Kibulgaria yasiyoishia hivi. Yenye -ski mara nyingi yanataja mahali: Ivan Rilski, mtakatifu mkubwa wa nchi hiyo, ni Ivan wa Rila, milima alikoishi. Lakini si kila -ski ni mahali. Vasil Levski, shujaa wa kupigania uhuru, alizaliwa Vasil Ivanov Kunchev. Levski ni lakabu iliyotokana na *lav*, simba. Kwa hiyo -ski ikuamshe, isikupe hukumu.

Hatua ya 4: Tafuta maana ya jina lililobaki

Hapa ndipo penye uhondo, na ndipo ninapoomba msomaji asiharakishe.

Majina ya watu Bulgaria yametoka kwenye visima vitatu. Kwanza ni kanisa la Kiorthodoksi, lililoleta majina ya Kigiriki na Kiebrania: Georgi ni mkulima, Petar ni mwamba, Todor ni zawadi ya Mungu, Dimitar ni wa Demeter, mungu wa kike wa nafaka wa Wagiriki wa kale, na Ivan ni Yohana. Ukilikuta jina la kundi hili, kalenda ya watakatifu itakusaidia: Dimitrovden ni tarehe 26 Oktoba, Ivanovden ni 7 Januari, Gergyovden, siku ya Georgi, ni 6 Mei, na mwenye jina hupokea wageni siku hiyo kama siku yake ya kuzaliwa.

Cha pili ni Kislavoni, lugha ya nyumbani. Stoyan limetoka humo, na halikuhitaji mtakatifu.

Zamani, mama wa kijijini angeweza kuzaa watoto wanane akabaki na watatu. Hapakuwa na chanjo wala dawa. Kilichokuwepo ni maneno, na watu waliyatumia kama kinga. Mtoto aliyezaliwa baada ya vifo aliitwa Stoyan: *akae*. Mwingine aliitwa Zhivko, kutokana na *zhiv*, hai. Mwingine Zdravko, kutokana na *zdrav*, mwenye afya. Kamen ni jiwe, kitu kisichougua. Valko ni mbwamwitu, ili yule anayewala watoto wa watu aogope. Zapryan linatokana na neno la kuzuia au kukomesha, yaani vifo vikome hapa. Stamat ni wazo lilelile la kusimamisha lililoazimwa kwa Kigiriki.

Halafu yapo mawili ambayo kila nikiyasoma moyo wangu hutulia kwanza. Nayden maana yake ni aliyeokotwa. Prodan maana yake ni aliyeuzwa. Baadhi ya watoto hao waliokotwa kweli, lakini mara nyingi ilikuwa desturi ya makusudi. Mtoto aliwekwa njiani, mpita njia wa kwanza akamwokota na kumrudisha kwa mama yake kama wa kwake. Au "aliuzwa" kwa jirani kwa kitu kidogo. Kifo kikija kumtafuta mtoto wa nyumba hii kimkose, kwa maana mtoto si wa nyumba hii tena.

Msomaji wa Kisumu au Musoma ameshalitambua jambo hili. Waluo wana Owiti na Awiti, majina yenye maana ya aliyetupwa, kwa mtoto aliyezaliwa baada ya nduguze kufa na kupitishwa kwenye desturi ileile ya kutupwa na kuokotwa. Watu wa Balkani na watu wa ziwa la Nyanza hawakufundishana. Walikuwa na msiba mmoja, wakalifikia wazo moja.

Kwa hiyo unaposoma kuwa Bulgaria ilitawaliwa na Todor Zhivkov kuanzia 1954 hadi 1989, ujue kuwa ndani ya jina la mtu yule mwenye mamlaka yote limelala ombi la mzazi fulani wa kale: Zhivko, aishi. Na Stoichkov, yule wa shuti la adhabu, anabeba ombi la Stoyan. Tutaliona katika hatua inayofuata.

Kisima cha tatu ni Kituruki, kwa sababu Waosmani waliitawala nchi tangu mwisho wa karne ya 14 hadi 1878. Kituruki kilikuwa kimeshiba Kiarabu, nasi pia tumeshiba, na hivyo tunakutana kwa njia ya ajabu. Kadiev ni "wa kadhi". Sahatchiev ni "wa fundi saa", na saa ile ni saa yetu hasa. Hadzhiev ni "wa haji". Usidhani kuwa Hadzhiev lazima awe Mwislamu. Mkristo wa Bulgaria aliyekwenda kuhiji Yerusalemu alirudi na cheo cha hadzhi, akaheshimiwa nacho maisha yake yote. Mpiganaji Hadzhi Dimitar, aliyeuawa 1868, alipata cheo hicho akiwa bado mtoto kwa sababu alipelekwa Yerusalemu.

Kazi nazo zimezaa majina. Kovachev ni wa mhunzi, Popov ni wa padri. Mapadri wa Kiorthodoksi huoa, hivyo msishangae padri kuwa na ukoo.

Hatua ya 5: Wajue wadogo wa jina

Kama Mohamedi anavyokuwa Mudi na Fatuma akawa Tuma, Stoyan ana majina ya kupigia mapenzi: Stoyo, Stoyko, Stoycho, Stoyancho, Stoichko. Kila moja linaweza kuzaa jina la ukoo la peke yake: Stoev, Stoykov, Stoychev, Stoyanchev, Stoichkov. Stoil nalo ni la shina hilohilo, na ndilo lililozaa Stoilov. Konstantin Stoilov alikuwa waziri mkuu kuanzia 1894 hadi 1899.

Jambo hili lina faida kwenye utafiti. Kijijini, mzee mmoja aliweza kuitwa Stoyan kanisani na Stoyko sokoni. Mtoto mmoja akaandikwa Stoyanov, mwingine Stoykov, na leo wajukuu wao hawajui kuwa ni ndugu. Ukitafuta jina kwenye daftari za kijiji kimoja, tafuta kundi zima, usitafute umbo moja.

Hatua ya 6: Soma majina matatu kwa mpangilio wake

Mbulgaria ana majina matatu kamili: la kwake, la baba, la ukoo. Kwa Kibulgaria huitwa *lichno*, *bashtino* na *familno*. Dimitar Ivanov Berbatov, mshambuliaji ambaye mashabiki wa Manchester United na Tottenham hawajamsahau, ni Dimitar, mwana wa Ivan, wa ukoo wa Berbatov. Hakuna fumbo. Ukiyajua matatu unamjua baba yake bila kuuliza.

Hii si desturi tu, imeandikwa katika sheria ya usajili wa raia ya 1999: jina la pili huundwa kwa jina la baba na kiishio -ov au -ev pamoja na alama ya jinsia, isipokuwa pale jina lenyewe lisipokubali kiishio hicho au linapogongana na mila za familia, za kabila au za dini za wazazi. Ubaguzi huo una maana kwetu. Baba aitwaye Juma akizaa mtoto Sofia, mtoto anaweza kuandikwa na jina la pili Juma likiwa lilivyo, au akapewa Jumov, au Jumova akiwa wa kike. Wazazi waamue mapema na waseme waziwazi wakati wa kuandikisha, kwa kuwa kubadilisha baadaye kuna mlolongo wake.

Sasa angalia kosa linalowapata wengi. Kwa sababu -ov ipo kwenye jina la pili na la tatu, mtu akifupishwa kuwa majina mawili huwezi kujua lipi limebaki. Wachukue kina Stoyanov wawili maarufu. Petar Stoyanov, rais wa Bulgaria kuanzia 1997 hadi 2002, kwa ukamilifu ni Petar Stefanov Stoyanov. Baba yake ni Stefan, na Stoyanov ni jina la ukoo. Zahari Stoyanov, mwandishi na mmoja wa viongozi wa muungano wa Bulgaria na Rumelia ya Mashariki wa 1885, alizaliwa 1850 kijijini Medven akiitwa Dzhendo Stoyanov Dzhedev. Stoyan alikuwa baba yake mzazi. Jina la tatu, Dzhedev, liliachwa njiani, na hata la kwanza likabadilika. Kwa hiyo Stoyanov wa rais linamtaja babu wa mbali. La mwandishi linamtaja baba aliyemlea.

Georgi Dimitrov, kiongozi wa kwanza mashuhuri wa enzi ya kikomunisti, ni hivyohivyo: kamili ni Georgi Dimitrov Mihaylov, mwana wa Dimitar. Mji wa Dimitrovgrad umeitwa kwa jina lake, yaani kwa kweli umeitwa kwa jina la baba yake.

Fundisho la kutumia: usiseme "huyu ni wa ukoo wa Stoyanov" mpaka uone majina yote matatu.

Hatua ya 7: Panda vizazi

Chini ya Waosmani hapakuwa na jina la ukoo lililogandishwa kwa watu wa kawaida. Daftari za kodi ziliandika mtu na baba yake: Stoyan *veled-i* Dragan, Stoyan mwana wa Dragan. Veled ni neno la Kiarabu la mtoto, na makarani walilitumia sana kwa Wakristo, ilhali Waislamu wengi waliandikwa kwa *bin*, kama Ali bin Juma wa Zanzibar.

Baada ya ukombozi wa 1878 dola mpya ilihitaji majina matatu, na kwa miaka mingi jina la tatu lilikuwa la babu tu. Lilibadilika kila kizazi. Nitumie familia ya kubuni. Stoyan, mwana wa Ivan, anamzaa Petar Stoyanov Ivanov. Petar anapata mtoto wa kwanza wa kiume na, kwa desturi, anampa jina la babu yake mzaa baba: Stoyan Petrov Stoyanov. Huyo naye anamzaa Petar Stoyanov Petrov. Majina mawili yanapokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Mtu wa pwani anaijua desturi hii, kwa sababu Ali bin Juma bin Ali yuko kila mtaa.

Polepole, katika karne ya 20, familia zikaacha kuzungusha. Jina la tatu likabaki palepale na kurithiwa. Kila familia iligandisha kwa wakati wake, na hapo ndipo pana mtego mkubwa kuliko yote: ndugu wawili, mmoja akagandisha jina la babu, mwingine akaendelea na jina la baba, na watoto wao, binamu wa damu kabisa, wakawa mmoja Stoyanov na mwingine Petrov. Na kinyume chake, Stoyanov wa Plovdiv na Stoyanov wa Vidin hawana undugu wowote kwa sababu ya jina. Kila palipokuwa na mzee Stoyan, palizaliwa kina Stoyanov wapya.

Fanya hivi. Chora ngazi. Andika mtu unayemjua kwa majina matatu. Jina la pili linakupa baba. Kisha tafuta majina matatu ya baba, si ya babu. Usiruke kizazi hata kimoja, hata ukijiona unajua jibu, kwa sababu jina la tatu linaweza kuwa la babu, la baba wa babu, au la mzee wa zamani zaidi. Ukifika kizazi ambacho jina la tatu linalingana na jina la kwanza la babu halisi, inaelekea umefika mahali jina lilipogandishwa.

Hatua ya 8: Kusanya tahajia za nje

Sheria ya unukuzi ya 2009 iliweka njia moja rasmi: я ni ya, в ni v, ъ ni a. Hivyo pasipoti ya leo inasoma Stoyanov. Kabla ya hapo ilikuwa kila mtu na lake. Ufaransa utakuta Stoïanov au Stoyanoff, Ujerumani Stojanow. Petar utamkuta akiwa Petur, Peter au Petr.

Magharibi, upande wa Makedonia, jina lilibadilishwa na mipaka yenyewe. Familia moja iliweza kuandikwa Stoyanov chini ya Bulgaria, Stojanović chini ya utawala wa Serbia, na Stojanovski ndani ya Yugoslavia baada ya vita kuu ya pili. Watu hawakuhama hata hatua moja. Tafuta yote matatu.

Hatua ya 9: Nenda kwenye karatasi

Kwa vizazi vya karibu, mlango ni manispaa, *obshtina*, inayotunza daftari za familia za mahali. Kwa karne ya 19 ni vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko vya makanisa, na nyaraka zilizohifadhiwa kwenye hifadhi za serikali za mikoa. Kwa kurudi nyuma zaidi, Maktaba ya Taifa ya Watakatifu Kyrilo na Methodio mjini Sofia ina idara ya mashariki yenye nyaraka za Kiosmani, na nyingine ziko Istanbul. Huko utahitaji msomaji wa Kituruki cha herufi za Kiarabu.

Angalia tarehe. Bulgaria ilihamia kalenda ya Gregori mwaka 1916, ambapo tarehe 31 Machi ilifuatwa na 14 Aprili. Tarehe za karne ya 19 zinahitaji kuongezewa siku 12, na za kuanzia 1900 hadi 1916 siku 13, ili zilingane na kalenda yetu. Ukimkuta mtu ana siku mbili za kuzaliwa, kwanza hesabu tofauti.

Maneno ya ukoo yajue kabla hujafungua daftari, hasa hili moja: kwa Kibulgaria *baba* ni bibi. Baba mzazi ni *bashta*. Mama ni *mayka*, babu ni *dyado*, mwana wa kiume ni *sin*, binti ni *dashterya*. Nimeona mchoro wa ukoo mzima ukipinduka kwa sababu "baba Stoyanka" aliwekwa kwenye kisanduku cha baba mzazi.

Kuna jambo jingine ambalo mtafutaji hana haki ya kulipita. Desemba 1984 na miezi ya mwanzo ya 1985, serikali iliwalazimisha Waturuki wa Bulgaria kuacha majina yao na kuchukua ya Kislavoni. Wapomaki, Waislamu wanaozungumza Kibulgaria, walikuwa wamefanyiwa hivyo kabla yao. Mehmed aliamka akiwa mtu mwingine kwenye karatasi, na hata marehemu waliguswa, majina yao yakibadilishwa kwenye kumbukumbu. Mwaka 1989 zaidi ya watu 300,000 waliondoka kwenda Uturuki. Mwaka 1990 sheria iliwaruhusu kurudisha majina. Hivyo ukikuta jina la Kislavoni kwenye cheti cha 1986 cha mtu wa Kardzhali au Razgrad, usiandike maana yake haraka. Tafuta cheti chake cha kabla ya 1984, na kama yupo hai, muulize yeye anaitwaje. Jibu lake ndilo jina.

Hatua ya 10: Liweke sawa kwenye fomu zetu

Fuata tahajia ya Kilatini iliyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama babu aliandika Stoyanoff. Jina la pili liweke kwenye nafasi ya jina la kati, wala usiliache, kwa sababu ndilo linalomtofautisha na kina Ivan Stoyanov wengine mia.

Usumbufu mkubwa huja kwa mabinti. Baba anaandikwa Stoyanov, binti Stoyanova, na karani asiyejua anaona majina mawili na kudai kiapo cha kubadili jina, au anamwandika binti Stoyanov, ambapo karatasi za Bulgaria zitamkana. Niliwahi kumsindikiza mama mmoja mara tatu kwenye ofisi moja kwa herufi hiyo moja, a. Mara ya tatu tulikwenda na tafsiri iliyothibitishwa yenye maelezo chini yake, na shauri likaisha asubuhi hiyohiyo.

Mkiandikiana na wenyeji, bwana ni *gospodin* Stoyanov, bibi ni *gospozha* Stoyanova. Mzee wa kijijini mliyezoeana naye kidogo huitwa kwa jina lake la kwanza likitanguliwa na *bay*, kama sisi tunavyosema mzee: bay Stoyan.

Na maelezo yale tuliyoyaweka chini ya tafsiri ni haya, mfasiri anaweza kuyanakili na kubadilisha jina tu: "Stoyanov na Stoyanova ni jina moja la ukoo. Kiishio -a ni alama ya jinsia ya kike kwa kanuni za lugha ya Kibulgaria na hakionyeshi tofauti ya familia. Jina la pili la mwombaji limetokana na jina la kwanza la baba yake."